Majirani Shela, Malindi: maandalizi ya kuhudumia mbio za Jumapili (kuogelea, baiskeli na kukimbia)

Bi Zuhura: Assalamu alaikum majirani. Zamu ya asubuhi imejaa, alhamdulillahi. Zamu ya saa 7 hadi saa 9 alasiri ina watu 6 tu, na inataka 12. Naomba baadhi yenu wa asubuhi mhamie huko.

Shufaa: Waalaikum salaam mama. Niandike mimi. Kwani mbio zenyewe ni za urefu gani?

Bi Zuhura: Nusu masafa mwanangu. Kuogelea km 1.9, baiskeli km 90, kukimbia km 21.1, yote kwa mfululizo. Wanaanza saa 12 na nusu asubuhi na muda wao unakwisha saa 9. Wa mwisho ndio wanaokimbia jua likiwa kali, na ndio wanaokuta meza tupu kwa sababu wahudumu wameshachoka na kwenda zao. Sitaki yatokee kwetu.

Kapteni Omari: Nianze na bahari. Siku hiyo ni ya nne tangu bamvua (siku maji yanapojaa na kupwa sana), maji yanajaa mnamo saa 1 na nusu. Mwisho wa kuogelea ni saa 1 na dakika 40, kwa hivyo wote watoke kabla maji hayajaanza kuvuta nje. Msije mkakubali kuahirisha hata nusu saa. Yakishaanza kutoka, wa nyuma wanapambana na mkondo, na kwenye miamba wanakanyaga miba.

Kapteni Omari: Mitumbwi 8, kila mmoja na eneo lake kati ya maboya mawili. Hamfuati mwogeleaji mmoja, mnalinda eneo. Akiinua mkono, msogelee taratibu, mpe omo au tezi, yaani mbele au nyuma ya mtumbwi, ashike. Asishike ubavuni, mtapinduka. Ana ruhusa kushika mtumbwi na kupumzika, hafutwi, mradi msimsogeze mbele hata kidogo. Boti za mashine zibaki nje ya maboya.

Shufaa: Na akiumwa na yavuyavu, yule mnyama laini wa baharini anayewasha?

Sista Mwanajuma: Msuuzeni kwa maji ya bahari, si ya mfereji, na msisugue. Kisha mleteni kwangu.

Kapteni Omari: Kubwa kuliko yote ni hesabu. Wawili wahesabu wanaoingia, wawili wanaotoka, kila mmoja na daftari lake. Hesabu zisipolingana, baharini kuna mtu, mpaka ithibitike vinginevyo. Mara nyingi shida ni aliyeghairi ufukweni akaenda nyumbani na kifaa cha kupimia muda mguuni, watu wakamtafuta majini bure. Anayeghairi, vueni kifaa na muandike namba yake papo hapo.

Fundi Kahindi: Hicho kifaa kinafungwa mguu wa kushoto. Mnyororo wa baiskeli uko kulia, kikiwa huko kitanaswa.

Fundi Kahindi: Namba za mkononi zinaandikwa kabla ya mafuta ya jua. Futa ngozi kwa spiriti, iache ikauke, andika tarakimu kubwa kutoka juu kwenda chini. Ukiandika juu ya mafuta, hazifiki hata boya la kwanza.

Fundi Kahindi: Pale pa kubadilishia, wanapotoka kuogelea kwenda kwenye baiskeli, baiskeli ya mtu haiguswi. Mwenyewe aishike, na kofia iwe imefungwa kidevuni kabla hajaitoa baiskeli. Baada ya mbio hakuna baiskeli inayotoka bila namba ya mkononi kulingana na ya baiskeli, hata akija mke wake.

Bi Zuhura: Kituo cha barabara ya Mambrui fundi, waeleze kupokeza chupa. Hapo ndipo watu huangushana.

Fundi Kahindi: Anakuja kwa km 30 kwa saa, na atapokea kwa mkono wa kushoto. Kizibo ufungue mapema. Chupa ikitoka kwenye barafu ipanguse, la sivyo itamponyoka. Ishike juu kwa vidole viwili tu, nyoosha mkono upande wa barabara, taja ulichonacho kwa sauti: "Maji! Maji!" Kimbia naye hatua chache kwa mwendo anaoelekea, akishika achia. Anayeing'ang'ania chupa ndiye anayemwangusha mtu. Ikimkosa, usimfukuze wala usivuke barabara, mbele yuko mwenzako. Maji, glukosi, ndizi, kisha maji tena, mita 10 kati ya mtu na mtu.

Fundi Kahindi: Na kila tuta liwe na mtu mmoja. Chupa huruka pale kutoka kwenye vishikio, anayefuata akaikanyaga. Aziokote, lakini aangalie nyuma kwanza. Magari yanasimamishwa na polisi, si sisi. Sisi tunaonyesha kona kwa mkono mzima.

Mzee Shali: Bi Zuhura, maji yatatosha kweli?

Bi Zuhura: Nimepiga hesabu mzee wangu. Wakimbiaji 140, wanapita meza yetu mara 6, vikombe 2 kila mara: 1,680. Ongeza robo, 2,100. Ukitia ml 150 kila kikombe, ni lita 315, yaani mitungi 16 ya lita 20. Mingine 10 ya kujimwagia na sponji. Vikombe ni vya karatasi, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku ufukweni tangu Juni 2020. Vijazwe nusu. Vikijaa humwagika, na mtu anapaliwa akikimbia.

Mzee Shali: Barafu nitachukua bandarini kwa wavuvi.

Sista Mwanajuma: Hiyo ya samaki ni ya beseni la sponji na kupoza chupa kwa nje. Isiingie kikombeni hata kipande, mzee. Ya kunywa igandishwe kwa maji safi.

Sista Mwanajuma: Pale mwisho wasimame wawili wawili, mmoja kila upande. Akivuka, msimwache asimame ghafla. Damu hubaki miguuni na anazimia. Mshikeni kwapani, mtembee naye, mumuulize jina na namba. Akianguka, mlazeni na miguu iinuliwe. Mwili ukiwaka na maneno hayaeleweki, hilo ni joto lililompanda, linaua. Mpozeni hapohapo kwa maji ya barafu huku daktari akiitwa, gari baadaye. Aliyebugia maji matupu mengi, kichwa kinamuuma, anatapika, vidole vimevimba, msimwongeze maji. Chumvi imepungua mwilini.

Shufaa: Na ndugu yake akitaka kumpa soda njiani?

Bi Zuhura: Hairuhusiwi, atakayeadhibiwa ni mkimbiaji. Vituo ndivyo vinavyotoa. Kule Hawaii mwaka 1978, mbio za kwanza za masafa kamili, vituo havikuwepo, kila mtu alikuja na watu wake. Walianza 15 wakamaliza 12. Wa pili, John Dunbar, watu wake waliishiwa maji njiani wakampa bia.

Mzee Shali: Subhanallah. Basi niandike zamu ya mchana na mimi, na wanangu wawili.

Bi Zuhura: Mungu akubariki mzee. Tumefika 10, bado wawili. Mitungi naichukua kesho saa 10 jioni, mwenye mkokoteni aniambie.

Fundi Kahindi: Mkokoteni upo. Nitakuja na kamba.