Ng'ombe zizini, beef mezani: maktaba niangalie rafu ipi?

Wakuu, binti yangu kanibana: ng'ombe akiwa zizini ni cow, akifika mezani ni beef, kwa nini? Nikaishia kukohoa. Maktaba nianzie wapi?

— Rafu ya 420, mkuu, ndiyo ya Kiingereza kwa namba za Dewey, zinazopanga vitabu maktaba. Asili ya maneno ni 422. Mwambie Wanormani, wasemaji wa Kifaransa kutoka Ufaransa, waliiteka Uingereza 1066. Mchungaji akabaki na neno lake, mla nyama akaja na la Kifaransa.

— Sheep naye akawa mutton. Wakubwa hawachungi, kazi yao kula!

— Na sisi Waswahili tukawapa Waingereza neno safari, japo tuliitoa kwa Waarabu.

— Asanteni. Nimepata kitabu kimoja, mwanzo kimeliwa na mchwa. Kumbe k ya knight zamani ilitamkwa! Binti sasa anaitamka makusudi, mwalimu kanuna.