P6 wanauliza: kama lava haikufika Pompeii, watu waliuawa na nini?

MwalimuKisoro
Habari zenu. Darasa langu la P6 linasoma kuhusu Pompeii, mji wa Warumi huko Italia uliofukiwa na volkeno ya Vesuvius mwaka 79 baada ya Kristo. Muhavura wanaiona kila asubuhi, na Nyiragongo wanaijua kwa habari za Goma, kwa hiyo kwao volkeno ni mto wa lava tu. Niwaeleze vipi kilichoua watu wa Pompeii? Na kuna njia rahisi ya kuwaonyesha jinsi maumbo ya miili yalivyobaki? Ile ya siki na soda ya kuokea wameshaiona, na hapa haisaidii.

JiweLinaloelea
Mwalimu, anza na chupa ya soda. Itikise, fungua kizibo: kinachoruka ni povu, maana gesi iliyobanwa inatoka yote kwa mpigo. Lava ya Nyiragongo ina silika (madini yanayoifanya kuwa nzito) kidogo na ni nyepesi kama uji, kwa hiyo gesi hutoka bila taabu. Magma ya Vesuvius mwaka 79, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ilikuwa nzito na imeshika gesi. Povu lake liliganda angani likawa mawe ya pumisi, aina ile ya kusugulia visigino. Ukiyatia majini yanaelea.

Baada ya hapo tenganisha vipindi viwili, la sivyo watoto watapotea.

Kipindi cha kwanza ni mvua ya mawe hayo. Nguzo ya majivu ilipanda zaidi ya km 30, upepo ukaipeleka kusini-mashariki, na Pompeii iko km 10 tu kutoka kileleni. Ilinyesha kwa saa 18 hivi, rundo likafika karibu mita 2.8. Wape hesabu: ni kama sentimita 15 kwa saa, yaani nusu mita kabla ya saa nne kupita. Paa bapa la mita 4 kwa 5 likibeba nusu mita, hiyo ni mita za ujazo 10. Pumisi iliyolegea ina uzito wa karibu nusu tani kwa kila mita ya ujazo. Tani 5 juu ya boriti za mbao! Waliojificha ndani ya nyumba waliangukiwa na mapaa.

Kipindi cha pili kilianza usiku. Nguzo ilishindwa kujibeba ikaporomoka, na wingu zito la gesi na majivu ya moto likateremka mlimani kwa kasi ambayo hakuna mkimbiaji angeishinda. Herculaneum, mji mwingine upande wa magharibi wa mlima, haikupata pumisi nyingi, lakini ilipigwa mapema zaidi. Kwenye vibanda vya mashua ufukweni imepatikana mifupa ya watu wapatao 300. Pompeii ilifikiwa asubuhi.

Usiwaambie kwamba lava siku zote ni ya polepole, maana mwaka 1977 ya Nyiragongo ilikimbia kama gari.

SaaYaSaba
Nyongeza itakayowafurahisha. Warumi walihesabu saa tangu macheo, kama sisi. Plinius Mdogo, Mrumi aliyeshuhudia mlipuko, alikuwa na miaka 17, akiwa Misenum, ng'ambo ya ghuba, km 30 hivi kutoka mlimani. Aliandika kwamba wingu lilionekana "saa ya saba hivi". Wenzetu wa Kiingereza wanapiga hesabu, sisi tunasoma tu saa saba mchana. Kesho yake anasema ni saa ya kwanza ya siku na mwanga bado hafifu: saa moja asubuhi. (Saa zao zilirefuka na kufupika kwa majira. Hapa kwetu kwenye ikweta wala tusingeona tofauti.)

Mjomba wake, Plinius Mkubwa, mkuu wa kikosi cha meli, alivuka kwenda kuokoa watu. Alipokuwa Stabiae, mji wa pwani karibu na Pompeii, yeye na wenzake walijifunga mito ya kulalia vichwani. Mto ni kinga nzuri dhidi ya mawe yanayodondoka, ila hauzuii gesi wala majivu laini. Alifia ufukweni.

Tarehe iache wazi. Nakala za barua za Plinius Mdogo zinasema Agosti 24, lakini mwaka 2018 yalipatikana maandishi ya mkaa ukutani Pompeii yenye tarehe ya Oktoba 17. Mwaka haukuandikwa, ila mkaa hufutika upesi, ndiyo maana wengi sasa wanaelekea Oktoba.

FundiDari
Swali la pili. Mwaka 1863 Giuseppe Fiorelli aliona kwamba miili imeoza na kuacha uwazi ndani ya majivu yaliyogandamana. Akamimina plasta kwenye uwazi kabla ya kuchimba, akapata sanamu za miili.

Darasani: yeyusha mishumaa, finyanga mnyama wa sentimita 8, miguu minene kama kidole, na umwachie kikonyo cha nta. Mfunike kwa udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na mchanga, 3 kwa 1, unene wa sentimita 2, kikonyo kibaki nje. Kausha kivulini siku 4. Juani utapasuka. Kisha mwalimu mwenyewe auelekeze upande wenye kikonyo chini juu ya kopo, kando ya sigiri, si juu ya moto, maana nta huwaka. Nta itachuruzika.

Plasta ni ile tunayoiita POP: vikombe 2 kwa kikombe 1 cha maji. Nyunyizia unga kwenye maji, subiri dakika moja, koroga taratibu, mimina upesi, gonga udongo huo kwa nje ili mapovu yapande. Baada ya saa moja loweka, udongo utabanduka. Mguu ukikosekana, hewa ilinaswa: toboa kwato kwa sindano kabla ya kumimina, hewa itoke. Plasta ikimeng'enyuka, maji yalizidi. Mtoto asitumbukize mkono humo, plasta ikiganda hupata joto la kuunguza. Na mabaki usimwage kwenye sinki.

Hapo pia kuna jibu la swali lako la kwanza. Mawe ya pumisi ni makubwa, hayashiki umbo la mwili, na waliofia humo waliacha mifupa tu. Sanamu karibu zote zimetoka kwenye majivu laini yaliyo juu ya pumisi. Maana yake watu hao walikuwa hai mvua ya mawe ilipokwisha.

MwalimuKisoro
Asante sana, ndugu zangu. Mafuta magumu ya kupikia yanaweza kuchukua nafasi ya nta?

FundiDari
Hapana. Yatalainika udongo ukiwa bado unakauka, yataingia kwenye kuta, na plasta haitashika vizuri. Tumia mishumaa.