Mrejesho: Bakteria rafiki katika chakula cha samaki wa mapambo
Ndugu zangu, niliuliza iwapo bakteria rafiki wakichanganywa katika chakula wangewafaa samaki wangu wa dhahabu, ambao kinyesi chao kilikuwa cheupe na chembamba kama uzi. Nilifuata ushauri wenu wa kuchagua aina ya bakteria iitwayo Bacillus subtilis, kwa kuwa spora zake (chembe zake zenye ganda gumu) hustahimili ukavu wa chakula cha punje kuliko bakteria rafiki wengine waitwao Lactobacillus. Unga wake niliukoroga katika mafuta kidogo ya kula, nikaupaka kwenye punje, kisha nikazianika kivulini. Sasa wanakula kwa hamu na kinyesi kimerudia hali ya kawaida, ingawa sitawapa bakteria sifa zote, maana wakati huohuo nilipunguza chakula na kuanza kubadilisha robo ya maji kila wiki. Antibiotiki (dawa ya kuua bakteria) aliyoipendekeza muuzaji sikuitumia, kwani ingeweza kuwaangamiza hata hawa bakteria rafiki niliowatia.