Naomba ushauri: begi la mgongoni la kuingia nalo ndani ya ndege

Wakuu, habari zenu. Mwezi ujao natoka Dar kwenda Guangzhou wiki sita, na safari hii sitaki kukabidhi mzigo kaunta. Mwaka jana begi langu lilichelewa siku nne, nikawa nafua shati lile lile kila usiku.

Nimeona begi la lita 40, urefu sentimita 55. Tatizo, likiwa tupu tu lina kilo 1.6, na mashirika mengi mwisho ni kilo 7. Laptopu na chaja zinakula kilo 3. Nishuke hadi lita 30? Mgongo unanisumbua, kwa hiyo mkanda wa kiunoni lazima uwepo. Nataka pia lifunguke lote kama sanduku; haya ya kufungukia juu, ukitafuta soksi unamwaga kila kitu. Mliotumia safari ndefu, zipu na mishono vinadumu?