Habu ya nyumba halafu ada kila mwezi, ninunue?

Wakuu, nataka habu (kifaa cha kati) ya kuunganisha taa, vitasa na sensa za milango, ila dukani boksi limeandikwa bei tu halafu nasikia ukishafunga unaanza kudaiwa kila mwezi, sasa hicho kifaa ni changu au nimekodi?

Jibu: Una haki ya kuogopa mkuu. Kampuni ya Wink waliuza habu bila ada, 2020 wakaanza kudai dola 4.99 kwa mwezi. Na maduka ya Lowe's ya Marekani walizima kabisa Iris, mfumo wao wa habu, 2019.

Jibu: Chukua inayofanya kazi humohumo ndani bila seva za kampuni, yenye Zigbee au Z-Wave (njia za redio za vifaa kuwasiliana humo ndani). Natumia Home Assistant, programu ni bure, kuiseti kunachosha kweli lakini intaneti ikikata taa zinawaka.

Asanteni, muuzaji aniambie kwanza nisipolipia kinabaki nini.