Badme: umesaini utakubali hukumu, umeshindwa, unatoa ardhi au hutoi?

Mkulima wa Hombolo:
Mbukwenyi wakuu. Jana soko la Sabasaba nusura tushikane mashati kwa hili. Ethiopia na Eritrea wamepigana 1998 hadi 2000, chanzo Badme, kijiji cha vumbi tu pale mpakani kwao. Desemba 2000 Meles wa Ethiopia na Isaias wa Eritrea wakasaini kule Algiers kwamba tume ya mpaka ikishaamua hakuna rufaa. Aprili 2002 tume ikaamua, Badme ikaenda Eritrea. Ethiopia ikagoma kutoka. Mimi nasema Meles alikuwa sahihi. Wanajeshi wamekufa kwa maelfu pale, mama zao utawaambia nini?

Zabibu Chungu:
Utawaambia ulichosaini! Tume ilipewa kazi moja: fuata mikataba ya kikoloni ya 1900, 1902 na 1908 pamoja na sheria za kimataifa. Ilikatazwa kabisa kuamua kwa kuangalia huruma. Meles alijua hayo akiwa ameshika kalamu.

Kijana wa Nkuhungu:
Hivi si ndio hawa Ethiopia walishangilia hukumu ilipotoka?

Mzee Mstaafu:
Ndio hao, mwanangu. Waziri wao wa mambo ya nje, Seyoum Mesfin, alitangaza wameshinda na Badme ni yao. Hukumu haikusema wazi kijiji kiko upande gani, ilibidi uchukue zile nukta za mpaka uzipange kwenye ramani. Walipokuja kuzipanga, furaha ikaisha.

Mkulima wa Hombolo:
Mbona mnaruka aliyeanza? Ile tume nyingine, ya madai ya fidia za vita, 2005 ilisema Eritrea ndiyo iliyovunja sheria kwa kushambulia Mei 1998. Yaani aliyerusha ngumi ya kwanza anapewa kiwanja?

Jirani Mbaya Nala:
Hapo kwenye kiwanja umenitonesha kidonda. Mimi hati ninayo, jirani kang'oa bikoni usiku, kaisogeza kwangu, kamwagia zege. Naenda ofisini naambiwa nimlete mpima kwa gharama yangu. Halafu mnaniletea Algiers!

Dada wa Ipagala:
Pole kaka. Bikoni ina namba, ipige picha kabla hajajenga ukuta. Akishajenga mtazeekea barazani.

Kijana wa Nkuhungu:
Ukute jirani mwenyewe ni Zabibu Chungu 😂

Zabibu Chungu:
Sina kiwanja Nala, na uzi ni wa Badme. Mkulima, kuanza vita ni kesi moja, ardhi ni ya nani ni kesi nyingine, ndiyo maana zikaundwa tume mbili. Acha kuchanganya mchicha na bangi.

Mkulima wa Hombolo:
Nani anayevuta bangi? Rudia hiyo kauli.

Mtu wa Liuli:
Mnavyowahukumu Wahabeshi utadhani sisi wasafi. Kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Kairo 1964, aliyesimamia hoja ya mipaka ya mkoloni ibaki kama ilivyo ni Mwalimu mwenyewe. Sasa mkataba wa Mwingereza na Mjerumani wa 1890 unapitisha mpaka wa Nyasa ufukweni kwetu. Malawi wanashika hapohapo, sisi tunataka katikati ya ziwa. Bibi yangu akishuka na ndoo kuchota maji ya ugali, kwa mkataba ule kaenda ng'ambo.

Mkulima wa Hombolo:
Wewe ni Mtanzania kweli au umetumwa?

Mtu wa Liuli:
Nimezaliwa pale, nimeogelea pale, wewe wa bwawa la Hombolo utanifundisha ziwa?

Mzee Mstaafu:
Vijana, taratibu. Mkataba huohuo kifungu cha sita unaruhusu mistari kurekebishwa kwa makubaliano kufuatana na mahitaji ya mahali. Hoja yetu ina mguu, haielei.

Zabibu Chungu:
Makubaliano ya wawili, mzee. Sio mmoja anachora mwenyewe.

Mkulima wa Hombolo:
Bado sijaombwa radhi ya bangi.

Kijana wa Nkuhungu:
Kwani si Abiy wa Ethiopia aliikubali hukumu 2018, akaenda Asmara, mwaka uliofuata akapewa Nobel?

Zabibu Chungu:
Alikubali kwa mdomo. Mpaka ulifunguliwa Septemba 2018, haukumaliza mwaka ukafungwa tena. Tume ya mpaka ilishafunga kazi zamani bila kusimika nguzo, imewaachia nukta za ramani.

Jirani Mbaya Nala:
Dada wa Ipagala, hiyo namba inakaa juu au ubavuni? Zege limefunika lote.