Endoskopi ya puto mbili: modeli za kutabiri zinasaidia?

tumbo_mwanafunzi: Habari wakuu. Mgonjwa anavuja damu utumbo mwembamba, kapsuli ya kamera (kidonge chenye kamera anachomeza) imeonyesha kidonda, sasa mnaamuaje skopu ya puto mbili (mrija wenye kamera, puto zake zinasaidia kuuvuta utumbo) ipite mdomoni au njia ya haja kubwa? Na hizi modeli za kompyuta za kutabiri njia ipi itafaa na kama kazi itakuwa ngumu, mnaziamini?

dokta_zamu: Mkuu anza na muda tu, angalia kapsuli ilitoka saa ngapi mfuko wa chakula na ikafika saa ngapi utumbo mpana, kidonda kikionekana kabla ya kama 60% ya huo muda wengi wanapitia mdomoni, ikizidi 75% wanaanzia chini, hapo katikati ndo utata na ndo modeli ina kazi.

nesi_endo: Makovu jamani! Mtu aliyewahi kupasuliwa tumbo utumbo unashikana, unajaza puto unavuta, skopu haiendi. Modeli isiyouliza habari ya operesheni mimi siitaki.

dokta_zamu: Kweli dada. Na kama imefundishwa kwa wagonjwa wa Japani ipime kwanza kwa wagonjwa wako. Ila ukijua mapema ni ngumu unapanga mtu wa usingizi, unatenga muda wa kutosha, na ndugu unawaambia kabisa huenda tusifike kwenye kidonda siku hiyo.